Mwangwi wa Mhandisi Shemsa

Si zamani sana, wala si mbali sana, kulikuwa na nchi ambayo jina lake linaachwa hapa kwa adabu tu, maana wenyewe hawapendi kutajwa wakiwa hawapo. Ilikuwa nchi yenye mengi ya kujivunia. Ilikuwa na Wizara ya Madaraja kabla haijapata daraja hata moja lililofika ng'ambo. Ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko zahanati zake. Na ilikuwa na sheria iliyowadekeza wanawake kupita kiasi, iliyoitwa Sheria ya Kulinda Sauti za Wanawake Kazini.

Sheria hiyo ilitungwa na wanaume wenye huruma. Waligundua kwamba katika vikao vya uhandisi, mwanamke akisema jambo hakuna anayesikia, lakini mwanamume aliyekaa jirani yake akilisema jambo lile lile baadaye kidogo, kikao kizima hupiga meza kwa furaha. Nchi nyingine zingewaambia wanaume wasafishe masikio. Nchi hii, kwa kuwa inapenda suluhisho la kudumu, ikaajiri mwanamume wa kukaa jirani.

Cheo chake kikaitwa Mwangwi. Kila mhandisi mwanamke alipewa Mwangwi wake, pamoja na kiti cha Mwangwi, glasi ya maji ya Mwangwi na posho ya Mwangwi. Alichosema mwanamke kilihesabiwa kisheria kuwa ni kelele za kawaida za ofisi, kundi moja na feni na mlango usiotiwa mafuta, mpaka Mwangwi akirudie kwa sauti nzito. Kikisharudiwa, kilikuwa wazo. La Mwangwi, bila shaka.

Mhandisi Shemsa binti Ngwali aliingia wizarani akiwa na shahada aliyoipata kwa kuwaacha wavulana wote wa darasa lake nyuma, jambo ambalo jopo la usaili lilimsamehe kwa kuwa alikuwa bado kijana. Jopo lilimuuliza maswali ya kitaalamu. La kwanza lilikuwa, "Je, ukipata mimba, daraja litasubiri?"

"Zege likishakauka halisubiri mtu," alijibu Shemsa.

Hakuna aliyesikia. Mwenyekiti wa jopo akaiangalia feni iliyokuwa darini, kisha akamgonga Shemsa muhuri wa kukubaliwa, kwa kuwa wizara ilihitaji mwanamke mmoja wa kupigwa naye picha.

Akapewa kofia ngumu iliyotengenezwa kwa kichwa cha mwanamume mwenye vyeo viwili, ikawa inamfika puani. Akapewa buti alizozijaza magazeti ili zisimpwaye. Kwenye eneo la ujenzi kulikuwa na choo kimoja, kimeandikwa WAHANDISI, na mlinzi wake alimweleza kwa upole kwamba neno hilo halimhusu. Kwa hiyo kila alipobanwa alipanda kilima hadi kwa mama muuza maandazi. Mwisho wa mwaka wizara ikamkata mshahara kwa kosa la kutembea ovyo wakati wa kazi.

Na akapewa Mwangwi. Bwana Kitwana Mdoe alikuwa mtu mpole, mnene wa shingo, aliyewahi kutolewa kwenye kwaya kwa sababu sauti yake ilizifunika nyingine zote bila kuimba chochote cha maana. Serikali ikaona hapa kuna kipaji. Ikampeleka chuoni, akafundishwa kukohoa, kushika kidevu, na kusema "kwa mtazamo wangu". Hakuwahi kujenga kitu chochote maishani mwake. Banda lake la kuku lilijengwa na mkewe.

*

Siku ya kikao kikuu, Shemsa alisimama na michoro yake. Mto wenyewe uliitwa Mzingo, mpana, mkali, na kila masika ulikuwa ukibeba watu waliojaribu kuvuka kwenda sokoni. Miongoni mwao alikuwa shangazi yake aliyemlea, na ndiyo maana Shemsa alikwenda kusomea madaraja wakati wenzake wakimshauri asomee ushonaji. Alikuwa ameuchora mto huo tangu akiwa msichana. Sasa alikuwa na jibu lake mkononi.

"Daraja la nguzo tatu," alisema. "Ya kati ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Miamba ya chini nimeipima mwenyewe."

Waheshimiwa wakaendelea kuzungumzia mpira. Mmoja akamwambia, "Binti, ukimaliza kusimama hapo, tuongezee sukari."

Bwana Kitwana akakohoa. Chumba kikanyamaza. Akashika kidevu.

"Kwa mtazamo wangu," akasema, "daraja la nguzo tatu. Ya kati ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Miamba ya chini nimeipima mwenyewe."

Meza zilipigwa mpaka glasi zikaruka. Waziri wa Madaraja, Mheshimiwa Shokolo, alijifuta machozi. "Nguzo tatu!" alisema. "Nani mwingine angewaza? Tatu! Bwana Kitwana, wewe umezaliwa na rula mkononi."

Kitwana akageuka kumtazama Shemsa kwa aibu kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Aibu ikadumu mpaka alipopewa hundi.

Ndani ya miezi michache Kitwana alipandishwa cheo mara nyingi kiasi kwamba mlango wa ofisi yake ulichoka kubadilishwa kibao. Hatimaye akawa Mhandisi Mkuu wa Taifa. Shemsa aliitwa kwa Waziri apongezwe.

"Furahi, binti yangu," alisema Waziri Shokolo. "Mafanikio ya Mwangwi wako ni mafanikio yako. Ni kama mama na mwanawe."

"Mheshimiwa, ninaomba kitu kimoja," alisema Shemsa, na kwa kuwa ofisini hamkuwa na kikao rasmi, iliruhusiwa kumsikia. "Jina langu liandikwe kwenye daraja. Popote. Hata herufi ndogo."

Waziri alicheka mpaka kiti kikalia. "Majina ya juu yana wenyewe, binti. Kuna langu, kuna la Mhandisi Mkuu, kuna la mke wangu aliyechagua rangi. Lako tuliweke wapi? Labda huko chini, chini kabisa, samaki walisome!"

Wasaidizi wake wote walicheka. Shemsa hakucheka. Alilichukua neno hilo, akalikunja, akaliweka mahali pa salama moyoni.

*

Daraja lilipofika nusu, Waziri alikuja kulitazama, akifuatwa na magari meusi na mpiga picha. Ng'ambo ya mto, juu ya jabali, alikuwa ameagiza kuchorwa picha ya uso wake, yenye ukubwa wa jengo, ikitabasamu kuelekea nchi nzima. Alisimama ukingoni, akafumba jicho moja, akakunja uso.

"Ile nini inayonikata pua?"

"Nguzo ya kati, Mheshimiwa," alijibu Mhandisi Mkuu Kitwana.

"Iondoeni."

Mafundi waliacha kupiga nyundo. Shemsa, aliyekuwa juu ya nondo na kofia imemfunika macho, aliruka chini.

"Nguzo hiyo haiondoki!" alisema. "Ukiiondoa, lori la kwanza lililojaa mzigo litakwenda na daraja lote mtoni!"

Waziri alitazama huku na huku. "Mnasikia kama kuna feni mahali?"

Ilikuwa shida ya kisheria, maana ziara ya Waziri huhesabiwa kuwa kikao rasmi. Kitwana, akishakuwa Mhandisi Mkuu, hakuwa Mwangwi tena, na Mhandisi Mkuu kurudia maneno ya mtumishi wa chini ni kosa la nidhamu. Mwangwi mpya wa Shemsa alikuwa kwenye bajeti ya mwaka ujao. Kwa hiyo alichokisema hakikuwa kimesemwa.

"Kaka Kitwana," alisema Shemsa, sasa akimkazia macho, "unajua ninachosema. Nimekuchorea hata kwa vijiti vya kiberiti ukaelewa. Mwambie!"

Kitwana alifungua kinywa. Akakohoa. Akashika kidevu. Kisha akaitazama medali iliyokuwa kifuani pake, akakifunga kinywa taratibu kama mtu anayefunga duka lake jioni.

"Nguzo mbili zinatosha," alisema Waziri. "Mimi mwenyewe nina miguu miwili na sijaanguka."

Mpiga picha akaandika sentensi hiyo. Kesho yake ilikuwa kwenye magazeti yote, na keshokutwa kwenye vitabu vya sayansi vya shule za msingi.

Nguzo ikavunjwa. Shemsa alikwenda kwa mkuu wa polisi, akaambiwa arudi na mwanamume. Alikwenda redioni, wakamwekea kipindi cha mapishi. Alipanda kilima kwa mama muuza maandazi, na huyo ndiye pekee aliyemsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu," yule mama aliuliza akigeuza maandazi, "hilo daraja litaanguka na nani juu yake?"

"Siku ya ufunguzi? Kwaya ya watoto wa shule."

Mama aliacha andazi likaungua. "Na wewe unakula tu hapa?"

*

Sasa, katika nchi hiyo kulikuwa na desturi ya kale, ya tangu enzi za madaraja ya magogo, ambayo hakuna serikali iliyothubutu kuifuta kwa kuwa wananchi waliipenda mno. Mzigo wa kwanza ukipita juu ya daraja jipya, aliyelijenga husimama chini yake. Basi. Wazee walisema inasaidia mafundi kukaza kamba vizuri. Kwa kuwa muda mrefu ulipita bila daraja kukamilika, viongozi walikuwa wameisahau. Wananchi hawakuisahau. Walikuja tangu alfajiri na mikeka yao, wakakaa kwenye ukingo ambako chini ya daraja kunaonekana vizuri.

Hotuba zilianza. Kwaya ya watoto, wakiwa wamesimama katikati ya daraja kabisa, pale ilipokuwa nguzo, wakaimba ubeti uliotungwa na wizara:

*Waziri wetu shujaa, daraja umelijenga,*
*Nguzo zote zimekaa, kwa akili ya kuunga,*
*Dunia yote yang'aa, nuru yako imetanga,*
*Fundi ni mwenye kidevu, chenye ndevu za kuchonga.*

Nyuma yao malori ya mchanga yalikuwa yamepanga mstari kwenye mteremko, yakinguruma. Ndipo sauti ikatoka kwenye mikeka: "Aliyejenga ashuke chini!" Umati ukaipokea. "Ashuke! Ashuke!"

Waziri, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa amesema kwamba daraja hilo limetoka kichwani mwake, ghafla alikumbuka ukweli. "Ndugu wananchi, mimi ni mwanasiasa tu! Aliyejenga ni Mhandisi Mkuu, Bwana Kitwana Mdoe! Mpigieni makofi anaposhuka!"

Kitwana alishushwa kwa makofi na askari wawili. Wakampa kipaza sauti, aseme maneno ya ushujaa kutoka chini. Aliponyanyua macho, aliliona daraja lote likiwa juu ya utosi wake, refu, limelala juu ya nguzo mbili, na katikati yake, pale palipokuwa na nguzo, anga tupu. Na uso wa Waziri ng'ambo ukitabasamu, ukionekana vizuri sana.

Shemsa alikuwa pale chini tayari, ameegemea jiwe, buti zake za magazeti majini. Alikuja kabla ya wote. Kama kuna aliyelijenga daraja lile, basi ni yeye, na hakusubiri kuitwa.

"Dada Shemsa," alinong'ona Kitwana, jasho likimtiririka. "Hivi... litakaa?"

"Mimi ni feni, kaka."

"Dada, usinitanie. Nina familia."

"Na wale walio juu wamezaliwa na mawe? Kipaza sauti umekishikia nini? Kazi yako unaijua. Rudia ninachosema, neno kwa neno, bila kupunguza hata chembe."

Lori la kwanza likatia gia. Kitwana akasikia daraja likitoa mlio mdogo, kama mtu anayejinyoosha asubuhi. Akakohoa. Kidevu hakukishika; kipaza sauti alikishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni Shemsa binti Ngwali," alisema Shemsa.

"Mimi ni Shemsa binti Ngwali!" ilinguruma sauti ya Kitwana kutoka kwenye spika zote.

Umati ukageuka kutazama chini ya daraja.

"Ndimi niliyelichora daraja hili. Nguzo zilikuwa tatu."

"Ndimi niliyelichora daraja hili! Nguzo zilikuwa tatu!"

"Waziri ameivunja ya kati ili pua yake ionekane. Ninyi watoto, tokeni hapo juu sasa hivi. Taratibu, msikimbie, msirukeruke."

Kitwana akayarudia yote, na alipofika kwenye pua ya Waziri sauti yake ilipanda juu zaidi kuliko ilivyowahi kupanda kwenye kwaya. Walimu hawakungoja ruhusa. Watoto wakatoka mmoja baada ya mwingine, wameshikana mikono. Waziri alikuwa akipunga mikono jukwaani: "Puuzeni! Daraja ni imara! Dereva, songa mbele!"

"Kama ni imara," alisema Shemsa, na Kitwana akasema, "Kama ni imara, Mheshimiwa, njoo usimame nami hapa chini!"

Umati ukashangilia. "Ashuke! Ashuke!"

Waziri aliangalia saa yake akakumbuka kwamba ana kikao muhimu nje ya nchi.

Dereva wa lori la kwanza, mzee mfupi aliyevaa kanzu chini ya koti la kazi, alifungua mlango akateremka. "Mheshimiwa, gari ni la serikali, roho ni yangu," alisema, akaondoka zake bila kufunga breki.

Lori likaanza kuteremka lenyewe, taratibu, kwa heshima. Shemsa alimkamata Kitwana kwa medali yake akamburuta hadi mawe ya ukingoni. Lori likaingia darajani, likafika katikati, likasimama kana kwamba linatafakari. Daraja likainama kama mtumishi mbele ya bosi wake. Halafu likaendelea kuinama.

Maji yalipotulia hakukuwa na aliyeumia. Mto Mzingo ulikuwa kama ulivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia, na picha ya Waziri ng'ambo haikuwa na kitu chochote cha kuikata pua.

*

Tume iliundwa. Ilikaa hoteli nzuri, ikafanya kazi kwa bidii, ikala vizuri. Matokeo yake yalisomwa hadharani na yanafaa kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kwanza, Tume iligundua kwamba daraja lilianguka kwa sababu ya lori.

Pili, ilijiuliza: nani aliyesema maneno yale? Haiwezi kuwa mwanamke, kwa kuwa mwanamke hana Mwangwi na kwa hiyo hakusema. Wala haiwezi kuwa Mwangwi, kwa kuwa Bwana Kitwana si Mwangwi tena. Basi maneno yalikuwa yake mwenyewe. Na kwa kuwa yeye mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya umma na kwa sauti nzito, alikiri kuwa ni Shemsa binti Ngwali, Tume haikuona sababu ya kumpinga. Kuanzia siku hiyo Bwana Kitwana alikuwa, kwa mujibu wa sheria, mwanamke. Akakatwa mshahara, akapewa kofia ya kumfika puani, akaonyeshwa jiko la chai.

Kuhusu mtu mwingine aliyedaiwa kuwepo pale chini akinong'ona, Tume haikupata ushahidi wowote kwamba yupo.

Wiki chache baadaye Kitwana alimfuata Shemsa kwenye kilima cha maandazi, macho mekundu.

"Dada, jana kikaoni nilitoa wazo zuri sana. Langu kabisa, nimeliwaza mwenyewe usiku kucha. Hakuna aliyenisikia! Halafu kijana mmoja mwenye tai akalirudia, wakapiga meza. Wazo langu!"

"Pole sana."

"Inauma, dada!"

"Eeh," alisema Shemsa. "Kula andazi."

Wakati huo serikali ilikuwa na tatizo. Masika yalikaribia, wananchi walilitaka daraja, na sasa kila mwanamume wizarani aliikumbuka desturi. Mmoja aligundua ana ugonjwa wa mgongo. Mwingine akahamia Wizara ya Mifugo. Ndipo Waziri Shokolo, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye kikao chake, alipotangaza kwa fahari kwamba umefika wakati wa kuwapa wanawake nafasi. Akamwita Shemsa. Kwa kuwa kisheria hakuwepo, akapewa nusu mshahara.

"Ninakubali kwa sharti moja," alisema Shemsa. "Nguzo zote, juu hadi chini, ninazisimamia mimi. Nikiwa kule chini asije mtu kunikagua."

"Chini?" Waziri alishtuka. "Nani anataka kwenda chini? Kaa huko huko!"

Daraja likajengwa. Nguzo tatu. Waziri alieleza kwenye hotuba kwamba ya tatu aliiota yeye. Kibao cha shaba kikawekwa juu, chenye jina lake, jina la mkewe aliyechagua rangi, na jina la aliyekichonga kibao. Malori yote yalipita yamejaa mchanga hadi pomoni, na chini yao alisimama mwanamke mmoja, mikono nyuma, akisikiliza zege lake likifanya kazi. Halikutoa hata mlio. Masika yalipokuja, watu walivuka kwenda sokoni na kurudi, wakiwa na viatu vikavu.

Sasa kuna uvumi. Wavuvi wanasema kwamba kwenye nguzo ya kati, upande wa chini, kuna herufi zilizomwagwa pamoja na zege lenyewe, kila moja ndefu kuliko mtu, na kwamba ukizisoma kutoka juu kwenda chini zinasema SHEMSA BINTI NGWALI, MHANDISI. Wanasema hazifutiki bila kuivunja nguzo.

Serikali imekanusha vikali. Imeunda kamati ya wataalamu wanaume kwenda kuthibitisha kwamba hakuna maandishi yoyote. Kamati hiyo bado inaendelea na vikao vyake, huko juu, maana ili kuyasoma maandishi hayo ni lazima mtu asimame chini ya daraja ambalo malori hayaachi kupita juu yake, na mpaka leo mjumbe wa kushuka hajapatikana.